Makubadhi Mlangoni mwa Ukumbi wa Chakula

Safari hii hatukuipanga sisi. Ilipangwa na binti wa ami yetu, ambaye kwa miaka mingi sasa anafanya kazi Dubai, na ambaye aliweka nadhiri kwamba babake atapanda meli kubwa ya abiria akiwa na chumba chake mwenyewe na kiti chake mezani. Kwa nini alilishikilia jambo hilo kwa moyo wote, hatukulielewa hadi usiku wa pili wa safari. Tulikuwa watu sita: ami na mkewe, binti yao, mjukuu wao wa kiume wa miaka 17, na sisi wawili, watoto wa ndugu yake. Tulitoka Mombasa kwa ndege mwezi wa Januari, msimu ambao meli za kitalii hukusanyika Ghuba kwa kuwa joto lake limepungua, na siku ya tatu tukawa tumesimama na masanduku yetu katika Bandari ya Rashid.

Katika bandari hiyo hiyo imefungwa meli kongwe, Queen Elizabeth 2, ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 1969, ikaletwa Dubai kustaafu mwaka 2008, na tangu mwaka 2018 ni hoteli. Ami aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa meli ya watu waliovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, na ambao kila jioni walibadilisha nguo kabla ya kushuka kula, wanaume kwa suti nyeusi na wanawake kwa magauni marefu. Meli yetu sisi ilikuwa kubwa kuliko hiyo, nyeupe, yenye ghorofa nyingi kuliko jumba lolote la mtaani kwetu, na pembeni yake palikuwa na bomba la kutelezea watoto lililopakwa rangi za peremende. Mtu akiziona meli hizo mbili katika bandari moja huanza kufahamu kwa nini watu wanabishana juu ya nguo.

Ukaguzi wa kwanza haukuwa wa nguo. Mke wa ami alikuwa amefungasha chetezo, makaa na udi wake, akidhani atafukiza chumba kama afukizavyo nyumbani siku ya Ijumaa. Vyote vilizuiwa, vikaandikiwa risiti, akaahidiwa kuvipata mwisho wa safari. Melini moto ndio adui wa kwanza, na hakuna anayeruhusiwa kuwasha kitu chumbani, hata mshumaa. Pasi pia ilizuiwa. Tunalitaja hili kwa ajili ya kina mama wanaojitayarisha kwa safari kama hii: kanzu na buibui za kuvaa jioni zifungashwe kwa kukunjwa vizuri, au mtu awe tayari kulipia dobi wa melini. Ami alilipa. Hakuwa tayari kuonekana na kanzu yenye mikunjo.

Chumbani tulikuta karatasi juu ya kitanda. Ilieleza saa za chakula, mahali pa maonyesho, na chini yake mavazi ya jioni. Usiku wa kwanza uliitwa wa mavazi nadhifu ya kawaida, na usiku wa pili wa mavazi rasmi. Kisha ikafuata orodha ya yasiyotakiwa katika ukumbi mkuu baada ya saa kumi na mbili jioni: kaptura, fulana zisizo mikono, nguo za kuogelea, kofia za michezo, na kwa wanaume, viatu vya wazi. Tuliisoma kwa sauti. Kijana akacheka, akasema, “Kwani samaki anajua nimevaa nini?” Shangazi yake akamjibu kwamba samaki hajui, lakini walioketi naye mezani wana macho. Akaamrishwa avae suruali ndefu, shati lenye ukosi na raba zake nyeusi, akavaa huku akinung’unika.

Manung’uniko yake si yake peke yake. Jambo hili linawagawa abiria wa meli duniani kote. Wako wasemao kwamba wamelipa pesa zao, wako mapumzikoni, na hawakutoroka ofisi ili waje kufungwa tai baharini. Wanaongeza kwamba siku hizi mtu hufika bandarini kwa ndege, na sanduku la ndege lina kilo za kuhesabika. Tulio na watoto tunalijua hilo. Na wako wasemao kwamba ukumbi wenye vitambaa vyeupe, vinara na wahudumu waliovaa kwa nidhamu hauwezi kupokea mtu aliyetoka kwenye bwawa na malapa yake, kwamba uzuri wa jioni ile hufanywa na wote waliomo, na mmoja akiuharibu huwaharibia wengi.

Kampuni za meli nazo zimekwenda njia tofauti. Cunard, ambayo meli yake ya kwanza iliondoka Liverpool mwaka 1840, bado huweka jioni maalumu za mavazi rasmi, na wanaokwenda huko huyafuata mavazi hayo kama sehemu ya starehe yenyewe. Norwegian Cruise Line, kwa upande mwingine, mwaka 2000 ilianzisha mtindo wa kula wakati wowote na katika mkahawa wowote, na ikalegeza masharti ya nguo. Nyingine nyingi zimesimama katikati, zikitenga usiku mmoja au wawili katika juma. Na karibu meli zote kubwa zina mkahawa wa kujipakulia kwenye sitaha ya juu, ambako mtu huingia bila kuulizwa habari ya tai. Kwa hiyo anayekataa kujipamba halali na njaa. Hoja hiyo ya mwisho, kwa maoni yetu, inawapunguzia nguvu wanaolalamika. Ukumbi mmoja ukiwa na sharti na mwingine ukiwa wazi, mtu ana hiari yake.

Kwa upande wetu wanawake hapakuwa na taabu yoyote. Buibui nyeusi lenye kazi kidogo ya uzi mikononi, na mtandio wa rangi tulivu, lilikubalika usiku wa kawaida na usiku rasmi, na hakuna hata mhudumu mmoja aliyetutazama mara mbili. Tuliona tumepata faida ambayo wenzetu hawakuipata, kwani walihangaika kila jioni na sanduku zima la magauni. Tahadhari ni ndogo: pindo lisiburure kwenye ngazi, na pini za mtandio ziwe imara, kwa kuwa upepo wa sitaha hauna adabu. Chakula tulikuwa tumekiombea halali tangu siku ya kukata tiketi, na bila hivyo tungejifunga na samaki na mboga juma zima. Zamu ya kwanza ya chakula cha usiku ilikuwa saa kumi na mbili na robo, ikagongana na Magharibi, basi tukaomba zamu ya saa mbili na nusu, tukapewa bila swali.

Tufike sasa kwenye mlango ule.

Usiku wa pili, meli ikiwa imekwisha kupita Mlango-Bahari wa Hormuz, ami alitoka chumbani mwake akiwa amevaa kama anavyovaa siku ya Idi: kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na dobi, koti jeusi juu yake, kofia ya kazi ya mkono aliyoshonewa Lamu, bakora yake, na miguuni makubadhi ya ngozi, mapya, aliyoyanunua kwa ajili ya safari. Hapa pwani hakuna arusi, baraza wala ofisi ya serikali ambayo mzee aliyevaa hivyo angeonekana hakuvaa. Tulitembea nyuma yake kwenye ile korido ndefu yenye zulia tukiona fahari.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa kijana mwenye adabu. Alimtazama ami kuanzia kofia, akashuka hadi kwenye koti, akashuka hadi pindo la kanzu, na hapo macho yake yakakwama. Akasema kwa upole kwamba anasikitika sana, lakini kwa wanaume viatu vya wazi haviruhusiwi usiku wa mavazi rasmi. Wakati huo huo bwana mmoja alitupita, shati likining’inia nje ya suruali, miguuni raba za mazoezi, akakaribishwa ndani. Viatu vyake vilikuwa vimefunika vidole.

Binti akapandisha sauti. Alisema kwamba hayo si malapa ya kuogea, kwamba babake amevaa vazi la heshima kuliko nusu ya watu waliomo humo ndani, na watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakaanza kutazama mazulia. Ami akamgusa mkono. “Mwenye nyumba ndiye mwenye sharti,” akasema. “Twendeni juu.” Akageuka. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajakasirika, na huo ndio uliotuumiza.

Ndipo kijana alipochutama papo hapo kwenye zulia akaanza kufungua kamba za raba zake. “Babu, vaa hivi,” akasema. “Mimi nitakula juu. Huko hawaulizi.” Ami alikataa mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu akaegemea bakora, akavaa. Raba zilikuwa kubwa kidogo, na chini ya kanzu ile nyeupe zilitokeza kama pua za mitumbwi miwili. Kijana akaingiza miguu katika makubadhi ya babu yake, akaenda zake lifti, na sisi tukaingia ukumbini. Msimamizi hakusema neno. Sharti lilikuwa limetimizwa.

Mezani tulihudumiwa na mtu wa Java. Wahudumu wengi wa meli hizi hutoka Ufilipino, India na Indonesia, na huyu alipoiona kofia alitoa salamu kabla hatujakaa, akaziondoa bilauri za mvinyo bila kuombwa. Katika kumsikiliza jioni zilizofuata tulipata kujua kwamba wao hukaguliwa sare, kucha na viatu kabla ya kila zamu, na zamu ni asubuhi, mchana na usiku. Alituambia kwamba mtu akijipamba kwa ajili ya meza yake, yeye huona kazi yake imethaminiwa. Hatukuwa tumewahi kulifikiria jambo hili kwa upande wa anayebeba sahani.

Usiku ule baada ya Isha tulikaa kwenye sitaha, mkewe akiwa amejifunika leso mbili kwa baridi, na ami akatueleza ambalo binti yake alikuwa akilijua peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa na umri wa miaka tisa, alisafiri na mamake kutoka Kilindini kwenda Bombay kwa matibabu ya macho ya mama. Zilikuwa zama za meli za British India, kama vile Kampala na Karanja, zilizokuwa zikipita Mombasa katika njia ya Bombay na Afrika Kusini. Meli hizo zilichukua watu wa daraja la juu katika vyumba, na chini yao mamia ya abiria wa deki, ambao walilala kwenye magodoro na mikeka yao wenyewe. Wao walikuwa wa deki. Jioni moja alipotea njia akatokea kwenye dirisha la ukumbi wa daraja la juu, akaona meza zilizotandikwa nguo nyeupe, wanaume wenye tai, na taa zilizoakisi katika vijiko. Alisimama pale hadi mamake alipomfuata akamshika mkono. “Hapa si petu,” alimwambia, akamrudisha.

Tulidhani sasa angemlaumu yule msimamizi. Hakumlaumu. “Leo nimeambiwa nibadilishe viatu,” akasema. “Wakati ule hapakuwa na kiatu cha kubadilisha.”

Tumelifikiri sana neno hilo tangu turudi. Pwani yetu yenyewe haikuwa na usafi katika jambo hili. Unguja ya karne ya 19, waliokuwa watumwa walivaa kaniki na merikani, na kufunika kichwa au kuvaa viatu kulikuwa alama ya uungwana. Utumwa ulipoondolewa kisheria, huko mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mojawapo ya mambo ya kwanza watu waliyoyafanya ni kuvaa walichokuwa wamekatazwa: kanga, kanzu, kofia. Kwa hiyo nguo mlangoni si jambo la samaki asiyejua. Kuna sharti linalomwambia mtu, “Jitengeneze, kisha uingie,” na kuna sharti linalomwambia, “Hata ujitengeneze vipi, hutaingia.” Yote mawili huandikwa kwenye karatasi za namna moja. La kwanza tunalikubali, na tunaliona ni adabu kwa wenyeji, kwa wahudumu na kwa majirani wa mezani. Hakuna kati yetu anayekwenda matangani na nguo za arusini, wala arusini na leso ya jikoni. La pili halifai popote. Sharti la viatu usiku ule lilikuwa la aina ya kwanza, ila liliandikwa na watu ambao, walipofikiri juu ya mwanamume aliyevaa vizuri, walimwona mtu mmoja tu akilini.

Asubuhi meli ilifunga Mutrah, Muscat. Tulishuka tukatembea ufukweni hadi sokoni, penye harufu ya ubani na vitambaa, na katika duka la tatu tukasikia Kiswahili cha Unguja, kizuri, kutoka kwa mzee aliyekuwa akipanga kofia za kuuza. Ami alikaa naye kwa kahawa karibu saa nzima. Kila mwanamume aliyepita mbele yetu, kijana kwa mzee, mchuuzi kwa afisa, alikuwa amevaa kanzu ya Kiomani yenye kishada chake shingoni, kofia au kilemba, na miguuni viatu vya wazi vya ngozi. Kijana wetu, aliyekuwa bado ameshikilia kwamba makubadhi ya babu yamemfaa, alisimama akaihesabu miguu ile kwa sauti hadi shangazi yake akamnyamazisha. Safari ya nusu usiku tu kutoka kwenye mlango ule wa ukumbi, nusu ya watu waliokuwa wamevaa rasmi kabisa wasingeruhusiwa kuingia kula.

Baadaye tulikwenda Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wageni wasio Waislamu huruhusiwa kuuzuru asubuhi, isipokuwa Ijumaa, na mlangoni pana sharti la mavazi: wanawake wafunike nywele, mikono na miguu, wanaume wavae suruali ndefu. Tulimkuta hapo mama mmoja wa melini kwetu, tuliyemsikia juzi kwenye lifti akisema kwamba yeye havai kwa amri ya mtu. Alikuwa amevaa suruali ya kuishia magotini, akarudishwa. Alitoka tena baadaye kidogo akiwa ndani ya buibui la kukodi, refu kumzidi, akiwa ameikusanya pindo kwa mikono miwili. Mke wa ami alimwendea bila kuambiwa, akatoa pini kwenye mtandio wake mwenyewe, akamfunga ushungi vizuri na kumwonyesha namna ya kupanda ngazi bila kujikanyaga. Hawakuwa na lugha moja. Yule mama alishukuru, akaingia, na tukamwona ndani ameinua uso kwenye kuba muda mrefu kuliko mtu yeyote. Hatukuona kwamba heshima yake imepungua kwa kuvaa tulivyomtaka avae, na tulijiuliza iwapo tungeona hivyo hivyo kama tungekuwa sisi tuliorudishwa. Kwa kweli tulikuwa tumerudishwa sisi, usiku mmoja kabla, na hatukuona hivyo hata kidogo.

Binti hakuliacha jambo hilo. Alikwenda kwenye meza ya huduma za abiria na picha alizopiga Mutrah, akaeleza kwa utulivu, safari hii bila kupandisha sauti, kwamba kanzu ni vazi rasmi la watu wengi wa bahari ambayo meli hii inapitia, na kwamba viatu vyake ndivyo vile. Ziko kampuni zinazoandika wazi kwamba vazi rasmi la taifa la mtu linakubalika usiku wa mavazi rasmi, na tunawashauri wasomaji waulize kabla ya kulipa, wapate jibu kwa maandishi, na wasingoje mlangoni. Kampuni yetu haikuwa imeandika lolote. Lakini siku iliyofuata ikaja barua fupi chini ya mlango wa chumba cha ami, yenye samahani, ikisema kwamba amekaribishwa ukumbini kwa vazi lake kamili, viatu vikiwa pamoja.

Usiku wa pili wa mavazi rasmi ulikuwa wa mwisho kabla ya kurudi Dubai. Tulimngoja ami nje ya chumba chake. Alitoka na kanzu, koti, kofia na bakora, na miguuni raba za mjukuu wake. Binti alikaribia kulia kwa hasira: barua imekuja, makubadhi yako huru, anavaa raba za nini? Ami akasema hazitelezi kwenye ngazi, na kwamba amezizoea. Yule msimamizi alipomwona alitazama chini, akatazama juu, akafungua mdomo, akaufunga, akamsindikiza mwenyewe hadi mezani na kumvutia kiti. Kijana alikuja nyuma yetu akiwa na suruali yake ndefu na makubadhi ya babu. Yeye ndiye aliyesimamishwa.

Tulipotua Mombasa raba zilikuwa bado miguuni mwa ami, na kijana hajazidai. Mke wa ami alirudishiwa chetezo chake bandarini kwa kuonyesha risiti, makaa hayakuonekana.